"Fast Car" ni ya nani? Tracy Chapman, Luke Combs na ugomvi wa kwenye komenti

Kila ile klipu ya tuzo za muziki za Grammy za 2024 inapoanza kuzunguka tena, Tracy Chapman na gitaa lake kasimama pembeni ya yule jamaa mwenye ndevu Luke Combs, mwimbaji wa country, wanaimba "Fast Car", wimbo wa Tracy wa 1988 ambao Combs aliurudia 2023, chini kwenye komenti ugomvi ni ule ule. Mmoja anasema mzungu kaiba wimbo wa dada mweusi. Mwingine anamjibu hajaiba, kanunua. Wa tatu anauliza kama kanunua mbona ile tuzo ya country ya 2023 ya wimbo bora kapewa Tracy ambaye hata ukumbini hakwenda? Halafu lazima atokee mmoja wa kusema huyo mama naye mchoyo, si ndo yule aliyemshtaki rapa Nicki Minaj kwa kutumia kipande tu cha wimbo wake, sasa huyu wa country kamwachia kwa nini, au kwa vile ni mzungu?

Ukiwasoma wote unaona wanakwama sehemu moja. Wanaongelea wimbo kama vile ni kitu kimoja chenye mwenyewe mmoja, na kwa Tracy Chapman usipotenganisha hapo huwezi kuelewa imekuwaje mtu ambaye hajatoa albamu mpya tangu 2008 akaja kubeba tuzo kubwa 2023 akiwa nyumbani kwake.

Kwa hiyo tuanze na hilo. Kibao kimoja ndani yake kina mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, kile ambacho mtunzi anaweza kukupigia kwa gitaa barazani hata kama hajawahi kuingia studio. Halafu kuna rekodi, watu wa studio wanaiita masta, ambayo ni ile sauti yenyewe iliyonaswa siku fulani na wapigaji fulani. Utunzi ni mali ya mtunzi mpaka aamue kuuza. Masta mara nyingi inakuwa ya lebo kwa sababu ndo waliotoa hela ya studio. Mwimbaji anaweza kuwa ndiye mtunzi, anaweza asiwe, na hapo ndo wengi tunapotea maana sura tunayoiona sisi ni ya mwimbaji tu.

Watu wa pwani hili halitawasumbua, huku mtu anaweza kuwa na ardhi na mwingine kabisa akawa na minazi iliyopandwa juu yake na kila mmoja anajua chake. Utunzi ndo ardhi, rekodi ndo minazi. Tracy alipanda mnazi wake 1988, DJ Jonas Blue akaja kupanda wake 2015 na lile toleo la kudansi, Combs akapanda wake 2023, kila mmoja anaangua nazi zake lakini ardhi ya "Fast Car" ni ya mtu mmoja, na huyo mtu kila msimu anapata chake. Hicho chake ndo tunaita mirabaha.

Sasa Tracy mwenyewe ni nani. Kazaliwa Cleveland, jimbo la Ohio, Machi 1964, kalelewa na mama na hela nyumbani zilikuwa za kuokoteza. Mama huyo huyo ndo alimnunulia ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, mtoto akiwa na miaka mitatu, na kufika minane alikuwa anapiga gitaa na anatunga nyimbo zake mwenyewe. Akapata ufadhili kupitia mpango wa A Better Chance unaowapeleka watoto wenye uwezo darasani kwenye shule ambazo wazazi wao wasingeweza kulipia, akaenda Wooster School kule Connecticut, kisha Chuo Kikuu cha Tufts karibu na Boston, akasoma anthropolojia, akamaliza 1987. Huku anasoma, huku anapiga gitaa mitaani pale Harvard Square na kwenye vimgahawa vya kahawa.

Kuna jambo moja la kipindi hicho ambalo watu wanalipita haraka na mimi naona ndo ufunguo. Chuoni Tufts kulikuwa na redio ya wanafunzi inaitwa WMFO. Tracy alikuwa anaenda pale kurekodi demo za nyimbo zake, na sababu kubwa haikuwa kusikika, ilikuwa hakimiliki, yaani awe na kanda inayoonyesha hizi nyimbo ni zake, na redio kwa upande wao wakapewa ruhusa ya kuzipiga. Mwanafunzi hana lebo, hana meneja, anacheza kwa sarafu za wapita njia, lakini ameshafikiria nani atasema nini siku ya ugomvi. Mwanafunzi mwenzake Brian Koppelman, ambaye baba yake Charles alikuwa bosi kwenye biashara ya haki za nyimbo, alimfuatafuata amtambulishe kwa mzee, Tracy hakuonyesha haraka yoyote, basi jamaa akaenda pale WMFO akachomoa nakala ya demo ya "Talkin' bout a Revolution" akampelekea baba. Ikaishia kwenye mkataba na Elektra Records na albamu yenye jina lake, prodyuza David Kershenbaum, ikatoka Aprili 1988.

Hapa inakuja hadithi ya Stevie Wonder ambayo kila mtu anaijua nusu. Tarehe 11 Juni 1988, uwanja wa Wembley London, tamasha la miaka 70 ya Nelson Mandela ambaye bado alikuwa gerezani, linarushwa kwenye televisheni za nchi zaidi ya 60. Tracy alikuwa ameshaimba mapema mchana, kapewa dakika chache kama msanii mchanga, basi. Jioni Stevie Wonder anakaribia kupanda jukwaani wanagundua diski ya kinanda chake ambayo ndo imebeba sauti zote za shoo yake haionekani, mzee wa watu akaondoka pale analia. Jukwaa tupu, dunia inaangalia, unamtuma nani? Unamtuma yule ambaye hahitaji kufungiwa vyombo. Tracy akatoka tena peke yake, gitaa moja na maikrofoni, akapiga "Fast Car" mbele ya umati ambao ulikuwa umejiandaa kwa kitu kingine kabisa, na ukitazama ile video unaona kelele zinavyopungua taratibu mpaka uwanja mzima unasikiliza. Stevie baadaye alirudi akaimba, hiyo watu huwa wanaisahau.

Hadithi inayosimuliwa ni kwamba bila ile diski kupotea Tracy asingejulikana. Mimi nasema ni kweli robo. Albamu ilikuwa imeshatoka, ilikuwa imeshasifiwa, na kwenye tamasha alikuwa tayari ameshapangiwa nafasi. Ile jioni ilifanya mambo yaende kwa kasi, mauzo yakaruka, Agosti albamu ikawa namba moja Marekani na wimbo ukafika namba 6 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani. Mwaka huo huo akaingia kwenye ziara ya Amnesty International ya haki za binadamu pamoja na Bruce Springsteen, Sting, Peter Gabriel na Youssou N'Dour, na Afrika walifika Harare na Abidjan.

Na wimbo wenyewe, tafadhali, sio wa kufurahia gari. Ni msichana ambaye mama kaondoka, baba mlevi, anaacha shule amhudumie baba, anafanya kazi ya keshia dukani na anamwomba mpenzi wake mwenye gari wakimbie mji. Wanakimbia. Miaka inapita, yeye ndo analipa bili zote, mwanaume ndo amegeuka kuwa yule baba wa mwanzo. Watu wanaupiga kwenye harusi, sawa, gitaa lile linawateka. Tracy mwenyewe alishasema kwamba msichana wa kwenye wimbo sio yeye, ila mazingira ni yale aliyoyaona Cleveland akikua.

Grammy za Februari 1989 ndo mahali pazuri pa kuona zile mali mbili zinavyotenganishwa na watoa tuzo wenyewe. Kuna tuzo ya Rekodi ya Mwaka na kuna tuzo ya Wimbo wa Mwaka, na kila mwaka watu wanauliza tofauti ni nini. Rekodi ya Mwaka inaangalia ile masta, wanapewa mwimbaji, prodyuza na mafundi wa sauti. Wimbo wa Mwaka ni ya utunzi, anapewa aliyeandika, na kama mwimbaji hakuandika hata neno moja anakaa kwenye kiti chake anapiga makofi. "Fast Car" iliteuliwa kote kuwili na kote kuwili ikapigwa na "Don't Worry, Be Happy" ya Bobby McFerrin (mniache, sisemi kitu). Tracy akaondoka na tatu nyingine: msanii mpya bora, uimbaji bora wa kike wa pop, na albamu bora ya folk ya kisasa. Ya nne akaichukua 1997, Wimbo Bora wa Rock kwa "Give Me One Reason", na hiyo ni tuzo ya mtunzi. Wale wanaomwita msanii wa wimbo mmoja hiyo huwa hawaijui, kibao hicho kilifika namba 3 Marekani, juu zaidi ya "Fast Car" ya mwanzo.

Jumla katoa albamu nane, kuanzia 1988 mpaka "Our Bright Future" ya 2008, akafanya ziara ya mwisho 2009, halafu kimya. Hana drama, hatafuti kiki, mahojiano ya kuhesabu.

Sasa twende kwenye Nicki Minaj. Mwaka 2018 Nicki alirekodi wimbo unaitwa "Sorry" akiwa na Nas, ndani yake wametumia maneno na melodi ya "Baby Can I Hold You" ya Tracy. Inasemekana mwanzo walidhani wanachukua kutoka toleo la reggae la Shelly Thunder, kumbe na lile lenyewe ni kava, yaani marudio ya wimbo wa Tracy. Wakaomba ruhusa, Tracy akakataa, wakaomba tena, akakataa tena. Albamu ya Nicki ikatoka Agosti bila huo wimbo, hadi hapo hakuna kosa. Tatizo likaja pale DJ maarufu wa New York, Funkmaster Flex, alipoupiga redioni na ukasambaa mtandaoni. Oktoba Tracy akafungua kesi.

Watu wanakumbuka tu kwamba Tracy alilipwa dola 450,000. Kilichotokea katikati ni muhimu zaidi. Septemba 2020 jaji alimpa Nicki ushindi kwenye nusu ya kesi, akasema msanii kujaribu kitu studio kabla hajapata ruhusa ni halali, maana ukikataza hata majaribio hakuna muziki utakaotengenezwa. Nusu iliyobaki ilikuwa ni nani aliyeutoa nje. Kabla ya hiyo kusikilizwa upande wa Nicki wakaweka ofa ya hizo 450,000, Tracy akapokea, ikaisha mapema 2021. Kwa hiyo hizo hela hazikuwa za kuimba studio, zilihusu wimbo kutoka nje.

Hapo ndo lile swali la "mbona Combs kamwachia" linapata jibu, na jibu halina rangi ya mtu. Marekani tangu 1909 kuna utaratibu wa leseni ya lazima. Wimbo ukishatoka hadharani mara ya kwanza kwa idhini ya mwenyewe, mtu yeyote anaruhusiwa kuurekodi upya, hata mtunzi akinuna, mradi atoe taarifa na alipe kiwango kilichowekwa kisheria. Mwaka 2023 kiwango kilikuwa senti 12 za dola kwa kila nakala ya CD, santuri au daunlodi, na kwenye strimu kuna hesabu zake nyingine. Masharti ni kwamba usibadilishe melodi ya msingi wala sura ya wimbo. Unaweza kuurekebisha uendane na staili yako, huwezi kuukatakata ukaweka mistari yako juu, hiyo inahesabika ni kazi mpya iliyotokana na ya mwenzio na kwa hiyo lazima aseme ndiyo. Vivyo hivyo ukitaka kuuweka kwenye filamu au tangazo, leseni ya lazima haikusaidii.

Nicki alikuwa upande wa kuhitaji ndiyo. Combs alikuwa upande wa kulipa tu. Na aliufuata kweli kweli, hata ile sehemu ambayo anayeimba anasema yeye ni msichana wa keshia, dume zima la North Carolina likaiimba hivyo hivyo bila kugeuza kuwa mvulana. Alisema wimbo aliujua utotoni kwenye gari la baba yake. Binafsi toleo lake naliona limenyooka mno, ule wasiwasi wa kwenye sauti ya Tracy haupo, lakini heshima ipo.

Likatoka Machi 2023 kwenye albamu yake "Gettin' Old" na likafika namba 2 kwenye Hot 100. Sasa sikiliza hii maana ndo sehemu inayowashangaza hata wanaojua muziki. Marekani redio za kawaida, AM na FM, hazilipi mwimbaji wala mwenye masta. Sheria haijawahi kuzilazimisha. Zinalipa watunzi tu, kupitia vyama kama ASCAP na BMI. Maana yake ni kwamba majira yote yale ya joto wakati redio za country zinampiga Combs asubuhi mchana jioni mpaka akashika namba moja kwenye chati ya redio za country, kwa kupigwa huko Combs alikuwa hapati hata senti na Tracy alikuwa analipwa. Combs alikula kwenye strimu, mauzo na tiketi za shoo, hajafa njaa. Jarida la Billboard wakati ule lilikadiria toleo hilo limeshaingiza kama dola nusu milioni za upande wa utunzi, na kwa kuwa mtunzi ni mmoja asiye na wa kugawana naye, unajua zinaelekea wapi. Namba moja hiyo pia ilimfanya kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mtunzi pekee wa wimbo ulioongoza hiyo chati.

Novemba 2023 zikaja tuzo za CMA, za chama cha muziki wa country kule Nashville. Nazo zina mgawanyo ule ule. Singo ya Mwaka ni ya rekodi, akapewa Combs. Wimbo wa Mwaka ni wa mtunzi, akapewa Tracy Chapman, mtunzi mweusi wa kwanza kuishinda tangu tuzo hizo zianze 1967, na kwa wimbo ambao ulikuwa na miaka 35. Hakwenda, alituma ujumbe wa shukrani ukasomwa. Kwa hiyo jibu la yule wa komenti ya tatu ni hilo, hakupewa tuzo ya kuimba country, hajaimba country, kapewa ya kuandika.

Halafu Februari 2024, Los Angeles, akatokea. Kamera inaanza kwenye vidole vyake vinapiga ile melodi ya gitaa, inapanda taratibu hadi usoni, anatabasamu, ukumbi unalipuka kabla hajatoa neno. Combs muda mwingi anamwangalia yeye badala ya kuangalia watu, anafuatisha maneno kwa midomo wakati si zamu yake, mwishoni anainama kumpa heshima. Ndani ya muda mfupi rekodi ya 1988 ikapanda hadi namba moja iTunes. Mnazi wa zamani kabisa ukazaa tena, na huo alioupanda yeye.

Kwetu huku mambo haya hayako mbali. "Malaika" dunia nzima inaijua kwa sauti ya Miriam Makeba, Fadhili William aliirekodi kabla, na mpaka leo wapo wanaoshikilia kwamba aliyeitunga ni Adam Salim, na ugomvi hauishi kwa sababu hakuna kanda ya WMFO ya kumaliza maneno. Kenya ule mgawanyo unauona hadi kwenye vyama vya kukusanya mirabaha, MCSK kiliundwa kwa ajili ya watunzi, KAMP kwa wenye rekodi, PRISK kwa wanaoimba na kupiga vyombo, na Tanzania ipo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Msanii anayetunga, kuimba na kujilipia studio mwenyewe anahusika na pande zote tatu, lakini wengi ukiwauliza wamesajili nini wanakujibu wimbo uko YouTube.

Watu bado wanauliza Tracy atarudi lini. Aprili 2025 ile albamu ya kwanza ilitolewa upya kwenye santuri na akatoa mahojiano mawili matatu, albamu mpya hakuna. Na kwa hesabu za mirabaha hana cha kumkimbiza. Sheria ya Marekani inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 70 baada yake, kwa hiyo anayetaka kuirekodi "Fast Car" kesho vile ilivyo leseni ipo na bei inajulikana, anayetaka kuikata aweke rap juu aandike barua kwanza, na ajiandae kujibiwa hapana.